Nyoka Ndani ya Ukuta

Mwezi wa sita mwaka jana baba alinipigia simu nikiwa maktaba. Nilitoka nje, nikamwamkia, akaitikia, kisha bila kuzunguka akasema, "Mama, ukipata nafasi pita Kariakoo uninunulie nyoka mpya. Yule wa zamani amekatika."

Baba yangu ni fundi umeme. Nyoka ni jina lake mwenyewe la utepe mrefu unaosukumwa ndani ya paipu iliyofukiwa ukutani mpaka ncha yake itokeze upande wa pili, ukafungiwa waya, kisha ukavutwa kurudi ulikotoka. Mafundi wengine wana majina yao. Wapo wasiokuwa na utepe wowote, wanatumia waya wa kufungia nondo, nao kazi inakwenda. Lakini nyumbani kwetu kilikuwa nyoka tangu nipate akili, kimeviringishwa na kutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa.

Nilimwambia nitapita Jumamosi. Sikumwambia kwamba tangu nikiwa na miaka kumi na sita sijashika nyoka tena, wala kwa nini. Nilidhani hajui.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu umeme wa majumbani Dar es Salaam. Kwa hiyo nilipoingia Kariakoo siku ile nilikuwa na sababu mbili za kwenda, na zote mbili zilikuwa za waya. Kariakoo yenyewe ni jina la wavutaji na wabebaji: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wale walikuwa maelfu kwa maelfu. Jina la kikosi likabaki sokoni, majina yao mengi hayakubaki popote.

Muuzaji alikuwa kijana wa umri wangu. "Dada, unamnunulia nani?"

"Baba."

"Mzee anafanya nyumba za kawaida au maghorofa?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake. Nilipomwambia nyumba za kawaida, alinitolea tatu, akazipanga juu ya kaunta.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma. Ni bapa na nyembamba, imekunjwa ndani ya kikasha cha duara chenye mpini, na ukiivuta inataka kurudi kwa nguvu. Chuma kinasukumika. Ukikisukuma huku, nguvu inafika kule, hata kama paipu ni ndefu. Ubaya wake ni kwamba hushika kutu, hukumbuka mkunjo wa kikasha, na hupitisha umeme.

Ya pili ilikuwa ya nailoni, nyeupe, na kichwani ina springi ndogo ya kuiongoza kwenye kona. Ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Inapita kona vizuri, lakini njia ikiwa ndefu, au kama ndani kuna waya nyingine tayari, inajikunja tumboni mwa paipu na fundi anabaki anasukuma bila kwenda mbele.

Ya tatu ilikuwa ya faibaglasi, ya rangi ya njano. Inateleza, haishiki kutu, na mwili wake haupitishi umeme. Ukiikunja kupita kiasi inapasuka, na bei yake siku ile ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya chuma.

"Ncha yake ni ya chuma," kijana alisema akinionyesha. "Kwa hiyo usije ukamwambia mzee kwamba hii haina haja ya kuzima umeme. Kuzima ni lazima."

Nikasema ndiyo, kuzima ni lazima. Nadhani nilisema kwa sauti ya ajabu kidogo, kwa sababu aliniangalia. Nililipia ya njano, ya mita ishirini. Kwa nyumba zetu za chini mita ishirini zinatosha. Unachukua njia ndefu kuliko zote unazotarajia kukutana nazo, unaongeza kidogo, basi. Ukinunua ndefu mno utakuwa unabeba uzito usioutumia.

Nikiwa ndani ya daladala, kifaa kikiwa mapajani, nilianza kufikiria kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kama mwanafunzi wa historia. Utapitishaje kitu laini ndani ya njia yenye kona usiyoiona? Tatizo hilo ni la zamani kuliko umeme wenyewe.

Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi yake. Daedalus, yule fundi aliyejenga jengo la njia za kupotezana kwa mfalme Minos wa Krete, alitoroka akajificha Sicily kwa mfalme Cocalus. Minos akamtafuta kwa akili. Alizunguka na gome la konokono, akiahidi zawadi kwa yeyote atakayepitisha uzi katika mizunguko yake yote. Cocalus akampelekea mgeni wake lile gome. Daedalus akatoboa tundu dogo, akamfunga mdudu chungu uzi, akamwachia apite. Uzi ukatokea. Minos alipouona akajua papo hapo kwamba Daedalus yuko mle, maana hakuna mtu mwingine ambaye angeweza. Ustadi wa fundi ndio uliomfichua.

Wajapani nao wanayo, na imeandikwa katika Makura no Sōshi, kitabu cha Sei Shōnagon, mwanamke aliyeishi katika jumba la kifalme miaka elfu moja hivi iliyopita. Katika hadithi hiyo mtawala mmoja alipenda vijana tu, akawa anawaua watu waliofika miaka arobaini. Wazee wakakimbilia mbali. Ofisa mmoja hakuweza kuachana na wazazi wake waliokaribia miaka sabini, akawachimbia chumba chini ya nyumba yake, akawaficha humo. Kisha mfalme wa China akaanza kuitega nchi ile kwa mafumbo, na moja lilikuwa kito chenye njia ya ndani iliyopinda mara saba, yenye tundu pande zote mbili. Pitisheni uzi, alisema. Wenye akili wote wa mjini walishindwa. Ofisa akashuka chini kumuuliza baba yake. Mzee akamwambia: kamata chungu wakubwa, wafunge uzi mwembamba kiunoni, kwenye uzi huo funga mwingine mnene zaidi, na upande wa pili paka asali. Ikawa. Mtawala alipojua jibu limetoka wapi, aliwaruhusu wazee warudi kuishi mjini.

Nilipoisoma hadithi hiyo mara ya kwanza niliipigia mstari kwa sababu ya yule mzee aliyefichwa. Safari hii, ndani ya daladala, niliona jambo jingine: uzi mwembamba kwanza, kisha mnene. Hiyo ndiyo kazi yote. Mwaka 1848, walipotaka kuanza daraja la kuning'inia juu ya bonde la Niagara, kijana aitwaye Homan Walsh alirusha tiara likavuka na uzi wake. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta kamba nene, na mwisho ikavuka kebo ya waya za chuma. Chungu, tiara na nyoka wa baba ni kifaa kimoja. Kazi yake si kubeba mzigo. Kazi yake ni kufika upande wa pili, akiwa na kitu kidogo kinachoweza kuvuta kikubwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba waanzilishi wa umeme hawakuanza hivyo. Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York tarehe 4 Septemba 1882, umeme wake ulipita chini ya barabara ndani ya mabomba ya chuma yenye fimbo za shaba. Kila kipande kilikuwa na urefu wa kama mita sita. Fimbo ziliwekwa humo kiwandani, zikatenganishwa kwa kamba, kisha likamiminwa dawa la moto la kuzuia umeme, likaganda. Bomba na waya vilikuwa kitu kimoja. Mahali pakiharibika, hapakuwa na kuvuta: ni kufukua.

Majumbani nako mafundi walijaribu hiki na kile. Waya zilipigiliwa ukutani juu ya vigingi vya kauri, zikawekwa ndani ya mbao zenye mfereji, na wengine wakazipitisha katika mabomba ya gesi yaliyoachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Edward Johnson, mshirika wa Edison, akaingia katika biashara ya paipu za ndani ya nyumba kupitia Interior Conduit and Insulation Company ya New York. Huyu ndiye yule yule ambaye mwezi Desemba 1882 aliwasha mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa taa 80 za umeme. Paipu za mwanzo zilikuwa za karatasi iliyolowekwa katika dawa kama lami. Baadaye zikavikwa chuma, zikawa za chuma tupu, na kwetu leo ni za plastiki.

Karatasi au plastiki, wazo lilikuwa lile lile, nalo ni wazo kubwa kuliko linavyoonekana: jenga njia kwanza, waya itakuja baadaye. Na ikija, iweze kutolewa tena. Paipu ni namna ya kukiri kwamba waya tunayoiweka leo itachakaa, na kwamba atakuja mtu mwingine, ambaye hatumjui, kuitoa na kuweka yake. Tangu siku hiyo ukahitajika mkono wa kufika usikoonekana.

Kwetu umeme ulifika bila kuchelewa sana, ila kwa wachache. Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908 chini ya Wajerumani, kwa karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wao. Mwaka huohuo kampuni za umeme zilianza Mombasa na Nairobi, na mwaka 1922 zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting Company. Mwaka 1931 ikaundwa Tanganyika Electric Supply Company, ambayo ndiyo chimbuko la TANESCO tuliyonayo.

Hizo ndizo tarehe ninazoweza kuzitaja bila kufungua daftari, kwa sababu nimekaa nazo mwaka mzima. Katika majalada niliyoyasoma nimekutana na kampuni, magavana, aina za mashine, bei ya uniti moja, malalamiko ya wateja wa Kizungu kuhusu taa zinazofifia. Mtu aliyepanda darini, akasukuma, akasubiri, akavuta, sijakutana naye kwa jina. Anaonekana kwenye hesabu tu, kama gharama ya kibarua. Nimeandika sentensi hiyo katika rasimu ya tasnifu mara tatu, na mara zote tatu nimeifuta, kwa sababu inasikika kama lawama kwa watu waliokufa zamani, ilhali ninaye mvuta waya mmoja nyumbani na sijawahi kumuuliza lolote.

Sikuwahi kumuuliza kwa sababu hii.

Likizo ya mwezi wa sita nikiwa kidato cha tatu, saidia fundi wa baba aliugua malaria. Baba alikuwa na kazi ya kuongeza taa na soketi katika nyumba ya wageni, mji mmoja wa barabara ya kwenda Morogoro, na mwenye nyumba alitaka iishe kabla ya Ijumaa. Mama hakutaka niende. Baba akasema nitakuwa nashika tochi tu.

Siku mbili za kwanza nilishika tochi kweli. Siku ya tatu baba alikuwa juu ya ngazi ya mbao, nyoka wa chuma mkononi, anataka kupitisha waya kutoka boksi la dari mpaka boksi la sakiti breka lililokuwa chumba cha nyuma. Akaniambia, "Mama, nenda kazime meni swichi." Nikaenda. Nyuma ya mlango wa stoo nikakuta boksi la chuma, nikashusha swichi kubwa, taa za koridoni zikazimika. Nikapaza sauti, "Tayari!"

Nilichokuwa sijui ni kwamba jengo lile lilikuwa na njia mbili za umeme, ya mwanzo na nyingine iliyoongezwa walipojenga upande wa nyuma, na kila moja ilikuwa na swichi yake. Mimi nilizima ya mbele.

Nyoka alipita kona ya kwanza, akapita ya pili, akatokeza ndani ya boksi la chumba cha nyuma, ncha ikagusa mahali umeme unapoingilia. Nilikuwa narudi koridoni. Nilisikia mlio kama wa fimbo inayokatika, kisha kishindo cha ngazi. Nadhani ngazi kuanguka ndiko kulikomwokoa, maana kulimwachisha. Kiganja chake cha kulia kiliungua, na vidole viwili vya mwisho havijanyooka tena mpaka leo.

Hospitalini, mama alipouliza nini kimetokea, baba alimjibu maneno mawili tu: "Nyoka ameniuma." Mama akamkasirikia, nesi akacheka, na mimi nikasimama pale ukutani nikijua kwamba baba ananifichia. Nikaamua kumlipa kwa kunyamaza. Tukanyamaza miaka kumi.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea nyoka wake. Shangazi yangu wa Kibaha alikuwa ameongeza chumba, baba akasema twende wote, mkono wake siku hizi haukazi vizuri. Alikitoa kifaa kwenye kasha, akakivuta mita moja, akaikunja ncha kidogo, akaiachia. "Ya njano," alisema. "Umetupa hela." Lakini hakukirudisha ndani ya kasha.

Paipu alikuwa ameshazilaza mwenyewe wiki ile kabla ya plasta, za milimita ishirini, kutoka boksi la zamani la nyumba mpaka chumba kipya. Kona zilikuwa mbili, na aliziviringa taratibu kwa springi ya kukunjia. Hakuweka elibo, maana kona kali ni rahisi kwa anayejenga na ni adhabu kwa anayevuta. Kanuni aliyonifundisha siku ile ni kwamba kona zote kati ya boksi na boksi, ukizijumlisha, zisizidi mzunguko mmoja mzima, yaani nne za mraba. Zikizidi, weka boksi jingine katikati. Na paipu usiijaze. Waya zikiwa tatu au zaidi, zisichukue zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani. Nafasi iliyobaki ni ya hewa, ya joto, na ya kuteleza.

"Umezima?" aliniuliza.

"Nimezima."

"Umepima?"

Sikujibu. Alinipa tesita. Akanionyesha namna: kwanza unaijaribu mahali unapojua pana umeme, ndipo unapima pale unapotaka pasiwe nao, halafu unarudi kuijaribu tena mahali pa kwanza. "Kwa sababu tesita iliyokufa nayo itakwambia hakuna umeme," alisema.

Nikapima hivyo, mara tatu. Kisha nikaanza kusukuma, yeye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa upande wa pili wa ukuta mpya, amesogeza sikio kwenye boksi. Mita ya kwanza ilikwenda yenyewe. Kwenye kona ikagoma. Nikasukuma kwa nguvu.

"Usipigane naye," alisema kutoka upande wa pili. "Mrudishe kidogo, mzungushe, mpeleke tena."

Nikarudisha, nikazungusha, nikapeleka. Ikapita. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nilijua si kwa sababu ya paipu.

Ili nisifikirie, nilimsimulia habari ya Felicia. Mwaka 1971, karibu na mji wa Batavia katika jimbo la Illinois, Marekani, wanasayansi walikuwa wanajenga mashine kubwa ya kukimbiza chembechembe za atomu. Mabomba yake yalihitaji kuwa safi kabisa, na hawakuwa na njia ya kuyasafisha kwa ndani. Mhandisi mmoja Mwingereza, Robert Sheldon, akakumbuka jinsi watu wa kwao wanavyowaingiza feruti katika mashimo ya sungura. Feruti ni mnyama mwembamba wa jamii moja na kicheche. Wakanunua mmoja kwa dola 35, wakamwita Felicia, wakamvalisha ukanda wenye kamba. Alikuwa anakimbia ndani ya mabomba ya kama mita 90, akitokeza upande wa pili wanafunga kitambaa chenye dawa kwenye kamba, wanakivuta.

Baba alicheka mpaka ndoo ikasogea. "Alilipwa?"

"Alilishwa. Kuku, maini."

"Basi alikuwa saidia fundi."

"Ila bomba la mzunguko mkubwa alikataa kuingia. Lilikuwa jembamba na refu mno. Wakamlazimika kumtengenezea mbadala wa chuma na sumaku."

Baba akanyamaza kidogo. "Alikuwa na akili," alisema. "Bomba usilolijua hutakiwi kuingia kwa kuambiwa tu."

Ncha ikatokeza kwake. Niliisikia ikigonga boksi. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa kati yetu na sikumwona uso, nikasema.

"Baba, siku ile. Swichi niliyozima haikuwa yenyewe."

Hakujibu mara moja. Nikamsikia anaitoa ncha taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Najua," alisema. "Nilizihesabu asubuhi tulipofika. Zilikuwa mbili. Sikukwambia."

Nilibaki nimeshika kikasha.

"Na sikupima. Anayepima ni fundi. Saidia fundi hapimi, anatumwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita." Akakohoa. "Ningemwambia nini mama yako? Kwamba nimemchukua mtoto wake nikamtuma kwenye umeme bila kumwonyesha ulipo? Ndiyo nikasema nyoka."

Kwa miaka kumi nilikuwa nimeusoma ukimya wa baba kama zawadi kwangu. Nilikuwa na maneno yake mawili, nikayatafsiri, nikaishi ndani ya tafsiri yangu, na sikuwahi kwenda kwa mwenyewe kuuliza. Ni kosa ambalo katika semina tunafundishwa kulikwepa mwaka wa kwanza. Ukimya katika jalada si lazima umaanishe kile unachohitaji wewe umaanishe. Anayenyamaza ana sababu zake, na mara nyingi sababu hizo ni za kumkinga yeye mwenyewe, na wala si dhambi.

"Pole, baba," nilisema.

"Pole na wewe. Haya, njoo ufunge."

Nilizunguka upande wake. Uso wake ulikuwa wa kawaida. Alinionyesha kufunga kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Waya zilikuwa tatu, laivu, nyutro na ethi, za milimita mbili na nusu kwa ajili ya soketi. Unachuna ganda kama urefu wa kidole. Usizikate zote sawa: moja iwe ndefu, ya pili fupi kidogo, ya tatu fupi zaidi, ili zikifungwa kichwa kiwe chembamba mbele na kinene nyuma, kama mkia wa panya. Unaipitisha shaba kwenye tundu la ncha, unairudisha, unaizungusha, kisha unaviringisha tepu nyeusi kutoka mbele kwenda nyuma, laini, bila uvimbe. "Kichwa kikiwa na uvimbe," alisema, "utavuta ukuta." Akanyunyiza poda ya mtoto kwenye mdomo wa paipu, harufu ikanikumbusha wadogo zangu walipokuwa wachanga.

Kisha nikarudi upande wangu kuvuta. Yeye alikuwa anazilisha waya, akizinyoosha zisipishane, na mimi navuta. Wanaovuta na kulisha lazima wasikilizane. Mmoja akivuta kabla mwenzake hajalegeza, ganda la waya linachunika kwenye mdomo wa boksi, na hutajua mpaka siku umeme utakapokuonyesha. Hivyo tukawa tunaitana kupitia ukuta. "Vuta." "Navuta." "Ngoja." "Nimengoja." "Vuta."

Zilipotokea, nyekundu, nyeusi na ile ya kijani yenye mstari wa njano, nilikaa chini.

Tulipitisha njia tatu siku ile, nikamuuliza maswali yote niliyokuwa sijawahi kumuuliza. Nani alimfundisha. Huyo aliyemfundisha naye alifundishwa na nani. Walivuta kwa kutumia nini kabla ya nyoka. Alinitajia majina manne, mmoja akiwa mzee aliyefanya kazi ya waya kabla ya Uhuru. Niliyaandika kwenye karatasi ya kasha la nyoka, kwa sababu daftari nililiacha nyumbani. Majina hayo sasa yamo katika sura ya tatu ya tasnifu, kwa ruhusa ya familia zao, na sentensi niliyoifuta mara tatu haikuhitajika tena.

Jioni, kabla hajafunga boksi la mwisho, baba alikata kipande kirefu cha uzi wa nailoni, akaufunga kwenye ncha ya nyoka, akaniambia nivute tena. Paipu hiyo haikuwa na waya. Shangazi hakuwa na hela ya taa za nje mwaka huu.

"Uzi wa nini?" nilimuuliza.

"Wa atakayekuja," alisema. "Akitaka kuvuta, asihangaike kutafuta nyoka. Anafunga waya yake hapa, anavuta."

Akaukunja uzi mara mbili kwenye boksi, akaacha kimkia cha kuonekana, akafunga kifuniko kwa skrubu mbili. Kisha akanituma nikawashe. Nilikwenda, nikasimama mbele ya meni swichi, na kabla ya kuipandisha nikauliza kwa sauti kama kuna mtu ameshika waya. Baba akajibu hakuna. Nikauliza tena.

"Hakuna, mama. Washa."